Picha ya Kapu la Mama Mkwe

Kibondo,
Desemba, 1999

Dada yangu Foibe,

Halina mlango, wala kaunta, wala mzani. Ndiyo maana siku zote hizi nimeshindwa kukueleza, na ndiyo maana katika barua yako umeniuliza kwa ukali kidogo ni duka gani hilo ambalo mwenyewe yuko Uholanzi, karani wake yuko Kasulu, na wateja hawajawahi kumwona hata mmoja wao. Leo nitakueleza mpaka uelewe, hata kama karatasi zitakwisha.

Lakini nimeanza kujibu kabla ya kusalimu, utasema ndoa imeniondolea adabu. Shikamoo Dada. Hujambo na nyumba yako? Goti la Baba linasemaje siku hizi za baridi ya mvua? Watoto wamefaulu? Na karanga, mmepanda au bado mnangojea mvua ya pili? Huku mvua haituulizi. Barabara ya kutoka Kasulu imekuwa uji mwekundu, na magari yanasubiriana yaende msafara mmoja na askari mbele. Mimi ni mzima wa afya. Nimenenepa. Gauni lile la kitambaa cha bluu ulilonishonea haliingii tena mabegani, na mume wangu anasema ni heri, kwa sababu mtu akinikuta njiani atajua kuna mtu anayenitunza.

Mume wangu. Dada, kila nikiliandika neno hilo kalamu inataka kusimama ipumzike. Umeniuliza ni mtu wa namna gani. Ni mrefu, ana mwanya, ananyoosha mashati yake mwenyewe kwa pasi ya mkaa na hataki niyaguse, anasema namkunja kola. Asubuhi anachota maji kabla sijaamka, na majirani wanamcheka waziwazi. "Ezekieli, umeoa au umeajiriwa?" Yeye anajibu, "Nimeajiriwa, na mshahara ni mzuri," anapita na ndoo yake. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, wakalima, wakapata uraia, na sasa mama yake ana shamba la migomba na maharage karibu na njia ya Mtabila. Unajua tayari kwamba nilipenda sauti yake kabla ya kuiona sura yake. Yeye ndiye anayekaa kwenye redio katika ofisi moja ya misaada hapa Kibondo, na mimi nilikuwa nikienda ofisi yao ya Kasulu kuomba nipeleke ujumbe. Nilikuwa nasikia tu, "Kasulu, Kasulu, nakupata vizuri, endelea," nami nasahau nilichotaka kuendelea nacho.

Sasa duka. Yupo mama mmoja wa Kiholanzi, Mama Greta, aliyekuwa muuguzi huku Kasulu miaka mingi, akazeekea kazini akarudi kwao. Alikuwa amewapenda wanawake wanaosuka vikapu, na alipofika kwao akafungua duka ndani ya kompyuta. Mtu akiwa nyumbani kwake huko Ulaya, na simu yake imeunganishwa na kompyuta, anafungua kurasa za Mama Greta, anaona picha za vikapu vyetu, anachagua, anaandika jina na mahali anapokaa, na Mama Greta anamtumia kwa posta. Vikapu vyenyewe vinakwenda mapema kwa meli, anavihifadhi kwenye banda la gari lake. Kurasa zilijengwa na mpwa wake, lakini mpwa amepata kazi mbali, na Mama Greta mwenyewe macho yamechoka. Ndipo kikundi cha kina mama kikaniajiri mimi, kwa kile cheti cha kompyuta cha Dodoma ambacho wewe uliuza mbuzi wako ili nikipate.

Krismasi ya mwaka jana duka lilianguka. Wazungu hununua zawadi zao karibu wote wakati mmoja, majuma yale machache kabla ya sikukuu. Fikiria siku sukari ilipokuwa ikiletwa pale kwetu Mpwapwa, watu wote wa mji kwenye dirisha moja. Ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta kubwa inayotunza zile kurasa ilielemewa, picha zilikuwa nzito, zinafunguka kidogokidogo kama mtu anayekunjua mkeka kwa mguu, na mteja wa Ulaya hana subira, anaondoka kwenda duka lingine. Vikapu vikabaki bandani. Mama Greta aliandika kwamba atajaribu Krismasi moja tu zaidi. Ikishindikana, atafunga, kwa kuwa yeye ni mtu wa pensheni na hawezi kulipia duka lisilofunguka. Kina mama walisomewa barua ile. Mnunuzi mwingine hawana. Hapa sokoni kila nyumba inasuka vya kwake.

Basi mwaka huu nikapewa kazi ya kuliandaa duka kwa ajili ya ule msongamano. Picha zote zipunguzwe ziwe ndogo na nyepesi, maneno yawe machache, na idadi ya kila aina iandikwe kwa ukweli ili tusije tukauza kikapu ambacho hakipo. Nilikuwa nafanya kazi katika chumba cha kikundi pale Kasulu, naweka kurasa kwenye disketi, gari la ofisi linazileta Kibondo, na Ezekieli anazituma Uholanzi kwa simu ya setilaiti saa ya chakula cha mchana, wakati bosi wake anamruhusu. Disketi zikirudi, Dada, kila moja ilikuwa na faili moja dogo la ziada lililoitwa "usifungue mbele ya watu". Yaliyokuwa ndani sitakuandikia. Nilikuwa nayafungua nikiwa peke yangu na kuyafunga nikiwa siwezi tena kuandika bei ya kitu chochote.

Harusi ikaja kazi ikiwa nusu. Na hapa ndipo palipozuka jambo ambalo sikulijua. Kwa watu wa kwao Ezekieli, biarusi akishaingia nyumbani anawekwa ndani. Halimi, hachoti maji, haendi sokoni, mpaka ndugu zake biarusi waje kumtoa kwa sherehe. Nikawekwa chumba cha ndani nyumbani kwa Mama Mkwe pale Kasulu, Ezekieli akarudi kazini Kibondo baada ya likizo yake fupi, akija Jumamosi tu. Na Mama Mkwe, Mama Yudita, ndiye mwenyekiti wa wasukaji. Kwa hiyo anayehitaji kurasa ziishe na anayenizuia kutoka ni mtu mmoja.

Jumamosi ya kwanza Ezekieli akamwambia mama yake, nami nimekaa papo hapo, maana biarusi mpya hazungumzi na mama mkwe moja kwa moja, "Mama, kurasa hazijaisha."

"Mwambie mke wako," akasema bila kunitazama, "biarusi wa nyumba hii hatoki kwenda kibaruani. Watu watasema tulioa kwa sababu ya jembe."

"Lakini kazi ni ya vikapu vyenu."

"Ego, ni vyetu. Na yeye ni biarusi wetu."

Kwa Kirundi chao ego ni ndiyo, lakini ndiyo ile ilikuwa ngumu kama hapana. Nilijua basi, duka limekwisha. Jumatatu asubuhi nikasikia kelele uani. Mama Mkwe alikuwa amekwenda chumba cha kikundi na vijana wa jirani, wamebeba kompyuta juu ya machela ya kubebea wagonjwa, imefunikwa kwa shuka jeupe, na jenereta nyuma kwenye baiskeli. Watu njiani walikuwa wamevua kofia wakidhani ni marehemu. Akaiingiza mpaka kitandani kwangu, akapangusa vumbi.

"Sikusema asifanye kazi," akamwambia dada yake aliyesimama mlangoni. "Nimesema asitoke."

Dada, sijui kama kuna biarusi mwingine Tanzania nzima aliyewahi kuwekwa ndani na kompyuta. Nilijifunga khanga zangu mpya, nikajipaka mafuta kama inavyotakiwa, nikakaa kwenye mkeka na kupunguza picha.

Kina mama walikuwa wanakuja kumtazama biarusi, ni desturi, wanaleta maharage na ndizi. Wakishanitazama wanageukia kioo cha kompyuta.

"Hiki si changu?" akauliza mmoja, Mama Salome, mcheshi kuliko wote.

"Ni chako, mama."

"Mbona umekifanya cha kuwekea chumvi? Kile niliweza kumlaza mtoto ndani."

Nikamweleza kwamba hiyo picha ndogo ni ya kusimama kwenye mstari tu na wenzake. Anayekipenda anakibonyeza, kinafunguka kikubwa.

"Na asiyebonyeza?"

"Huyo hakukipenda."

"Au hana vidole," akasema, na chumba kizima kikacheka, hata jenereta ikazimika, tukamlaumu yeye.

Hivyo nilimaliza vikapu vyote kimoja baada ya kingine, mpaka nikafika kwenye kapu la Mama Mkwe. Lile kapu, Dada, ni refu lenye kifuniko kilichochongoka, alilisuka masika nzima, na mpwa wa Mama Greta alikuwa ameliweka mwanzo kabisa wa ukurasa wa kwanza, picha kubwa kama dirisha. Siku hiyo Mama Mkwe alikuwa amekaa nyuma yangu anapukuchua maharage. Nilishika kipanya, mkono ukakataa. Mimi, biarusi nisiyetamka hata jina la mama mkwe wangu, nimpunguzie mama mwenye nyumba kapu lake mbele ya macho yake? Nikapita. Nikafanya la jirani yake. Nikajiambia moja tu haliwezi kuharibu kitu, na disketi zikaenda Kibondo.

Mama Greta alikuwa na akili ya kujaribu duka kabla ya msimu. Aliwaomba wanakwaya wa kanisa lake na majirani zao, kila aliye na kompyuta, wafungue kurasa zote kwa pamoja Jumapili moja baada ya ibada. Jumamosi iliyofuata Ezekieli alikuja na jibu lake mfukoni, buti zimejaa tope, na uso ule sikuuzoea. Duka lilikuwa limeanguka tena. Wengi waliona ukurasa mweupe na ncha ya kifuniko kilichochongoka, na hapo ndipo palipogoma. Mama Greta aliandika kwa upole kwamba msimu uko karibu sana, na kama hatujui kosa liko wapi, ni afadhali atangaze kufunga sasa kuliko kuaibika.

Mimi nilijua kosa liko wapi kabla hajamaliza kusoma.

"Ni kapu la mama," nikamwambia.

Akakaa chini. "Hukulipunguza?"

"Ungekuwa wewe ungelipunguza?"

Akafikiri. "Hapana."

"Basi mwambie."

"Mwambie wewe, Debora. Wewe ndiye unayejua kompyuta."

"Ni mama yako."

"Ndiyo maana nasema mwambie wewe."

Tulikaa pale kitandani tumeshikana mikono kama watoto waliovunja chungu, na nakuambia ukweli, hata katika hofu ile nilifurahi kwamba tunaogopa pamoja. Baada ya chakula akasimama uani, mama yake akiwa kwenye figa, mimi nikisikiliza dirishani. Akaanza kwa ile sauti yake ya redio, kifua mbele. "Mama, nina taarifa kutoka Uholanzi. Taarifa inasema kwamba duka halikufunguka, kwa sababu ya picha moja iliyokuwa kubwa kupita nyingine zote, na picha hiyo, naomba unipate vizuri, picha hiyo ni ya kapu lako."

Mama Mkwe akageuza sufuria. "Unaweza kuongea na ndege iliyo angani, na mimi hapa unanihutubia?"

Ezekieli akashusha mabega.

"Hebu sema tena. Wazungu wote wale wa kanisani walifungua?"

"Walifungua, Mama."

"Na lililoziba njia ni langu? Si la Salome?"

"Ni lako peke yake."

Mama Mkwe akakoroga chakula, nami nikaona duka, ndoa na kila kitu vikielea juu ya sufuria ile. Kisha akafunika chakula, akaja mpaka dirishani nilipojificha, na kwa mara ya kwanza tangu harusi akaniita yeye mwenyewe. "Mwana wanje." Mwanangu, ndivyo maana yake. "Lipunguze. Liweke kwenye mstari na wenzake. Mimi sitaki watu waje mpaka mlangoni wazibiwe na kapu langu." Akaondoka. Lakini kufika jioni Kasulu nzima ilikuwa imeshajua kwamba kapu la Mama Yudita ni kubwa kiasi cha kusimamisha Ulaya, na aliyetangaza si mimi.

Nililipunguza hapohapo, naye akiangalia, akiniambia, "Bado, bado, punguza tena." Nikatengeneza na ukurasa mmoja wa akiba usio na picha hata moja, majina ya wasukaji tu na bei, ili kukizidi msongamano watu wapelekwe huko badala ya kukuta kioo cheupe. Mama Greta naye akakodi kompyuta ya pili isaidiane na ile ya kwanza. Wanakwaya wakaombwa tena. Safari hii, aliandika, kurasa zilifunguka kabla mtu hajakaa vizuri kwenye kiti, na wengine waliofungua kwa kujaribu wakanunua kweli.

Nilitolewa ndani juma la tatu la Novemba. Nilikuwa nalia kwamba nyinyi mko mbali na hakuna wa kuja, kumbe Mama Mkwe alikuwa ameshamtafuta mwalimu mmoja wa sekondari, Mwalimu Madeje, amepangiwa kazi Kasulu, ni mtu wa Kongwa. Alimwambia, "Wewe ni Mgogo, yeye Mgogo, leo wewe ni kaka yake." Mwalimu akaja na mkewe na unga na chumvi, amevaa suti, akadai kwa sauti kwamba dada yake amenyimwa nyama, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwambie Baba kwamba alimwakilisha vizuri, isipokuwa alicheza ngoma yetu vibaya sana.

Siku tatu baadaye nikaja Kibondo nyumbani kwangu. Nyumbani kwangu, Dada, vyumba viwili na jiko la nje, na ua ambao Ezekieli amepanda maua ya njano kandokando kama ofisi ya serikali. Sasa nafanya kazi hapahapa, katika kona ya stoo ya ofisi yao. Jumapili ya kwanza ya kungojea Krismasi ndiyo iliyokuwa siku yetu kubwa, watu wa kule wanaanza kununua. Jumatatu mchana tulikaa mbele ya mashine, mimi na yeye, barua ya Mama Greta inaingia mstari kwa mstari. Sikuweza kutazama. Nilimwambia anisomee kwa sauti ya redio.

"Kibondo, Kibondo," akasoma, na hayo ya mwanzo aliyatunga mwenyewe, "duka lilikaa wazi mchana kutwa na jioni. Halikuanguka hata mara moja. Tafadhali andikeni vimekwisha kwenye vikapu vya Mama Salome." Nikaegemea bega lake, bosi wake akaingia, akatoka tena. Ni bosi mzuri.

Tangu hapo kila mchana kazi yangu ni kuandika neno hilo, vimekwisha, mbele ya majina ya kina mama, na sijawahi kupenda kuandika neno lolote namna hii, isipokuwa lile jingine linalosimamisha kalamu. Kapu la Mama Mkwe halijapata mnunuzi bado, bei yake si ya mchezo, lakini Mama Greta anasema ndilo watu wanalolibonyeza zaidi kuliko lolote. Tulimpelekea Mama Mkwe habari kwa redio. Jibu lake lilikuwa, "Waache watazame." Na jambo kubwa nimeliacha mpaka hapa ili ulisome ukiwa umekaa. Mama Greta ameandika kwamba hafungi. Anawaomba kina mama waanze kusuka kwa ajili ya Pasaka, na anataka niendelee. Mama Salome ameshaloweka nyasi.

Salamu kwa Baba, mwambie nampenda na asipande ngazi ya ghala. Kwa Shemeji, mumeo, mwambie Ezekieli ameuliza kama kweli anacheza bao vizuri kama ninavyosifu. Kwa wanangu wote wa hapo nyumbani, hasa mdogo anayekataa viatu. Kwa shangazi yetu wa Kibakwe na kwa mama mchungaji aliyenifundisha kuimba. Mama Mkwe anakuamkia wewe na Baba, anasema mmemlea mtoto asiyejua kupika muhogo lakini atajifunza.

Siku ya mwisho ya posta ya Krismasi kule kwao ikishapita, nitaandika vimekwisha ya mwisho na kufunga mashine. Likizo ya Ezekieli imekubaliwa. Mwenzake atakesha kwenye redio badala yake usiku ule mwaka unapogeuka, maana wakubwa wana hofu kwamba kompyuta zitachanganyikiwa kwa tarehe ya mwaka elfu mbili. Tutashuka Kigoma tupande treni, tutateremka Gulwe, na kutoka hapo hata kwa miguu tutafika Mpwapwa. Weka maziwa yagande, na tafuta kitanda ambacho hakilii. Kabla mwezi huu haujaisha, Dada, tutakuwa tumekaa jikoni kwako, naye utamuuliza mwenyewe yote uliyoniuliza mimi, nami nitakaa kimya nimsikilize akijibu.

Ni mimi mdogo wako,
Debora, mke wa Ezekieli